Taa Nyekundu Inapowaka: Ni Mwongo au Ni Shahidi wa Kweli?

Mwezi wa Agosti mwaka 2014 tulikuwa tukisafiri kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, safari ya kilomita 120 hivi, katika gari dogo la abiria. Tuliketi karibu na dereva, kijana mpole aliyeendesha kwa adabu. Tulipokwisha kuuacha mji nyuma, tuliona mbele yake taa ndogo nyekundu, yenye sura ya birika linalodondosha tone, ikiwaka na kuzimika. Mama mmoja mzee aliyeketi nyuma yetu aliiona pia, akauliza: "Mwanangu, taa ile yasema nini?"

"Usiogope, mama," akajibu dereva. "Miezi mitatu sasa inawaka na kuzimika, na gari latembea. Taa ndiyo mgonjwa. Injini ni nzima."

Tukanyamaza sote, kwa kuwa dereva ndiye ajuaye gari lake. Baada ya nusu saa hivi, taa ile haikuzimika tena. Kisha tukasikia chini ya miguu yetu kishindo kama cha nyundo. Gari likapoteza nguvu, likatetemeka, likasimama. Injini ilikuwa imekwama, wala haikuweza kuzunguka tena.

Fundi alifika jioni. Alilala chini ya gari, akaona kwamba kizibo cha tundu la kumwagia oili kilikuwa kimelegea, na oili yote imemwagika njiani. Halafu akafungua mbele, akatuonyesha waya mwembamba wa taa ile nyekundu. Ngozi yake ilikuwa imechubuka, na kila gari liliporuka shimoni, waya uligusa chuma cha injini na taa ikawaka bila sababu. "Tazameni," akasema fundi, "dereva hakusema uongo. Miezi mitatu taa ilimdanganya. Lakini leo imesema kweli, wala hapakuwa na mtu wa kuisikiliza."

Gari lile lilikuwa mali ya ndugu watatu waliochanga fedha miaka miwili ili walinunue, nalo ndilo lililolipa karo za watoto wao. Kipande cha utepe cha kuufunga waya ule kingaligharimu pungufu ya nauli ya abiria mmoja. Injini nyingine iliwashinda kununua.

Tangu siku ile tulitaka kujua jambo moja: taa ya onyo inapowaka, au mshale wa kipimo unapokwenda mahali pasipo pake, mtu atajuaje kama gari ni gonjwa kweli, au kama ni kipimo chenyewe kilichoharibika? Tuliwauliza mafundi, tukatazama kazi yao, na haya ndiyo tuliyojifunza.

Habari husafirije?

Ubao ulio mbele ya dereva, ambao wengi huuita dashibodi, hauoni kitu wala hausikii kitu. Wapokea habari tu. Mahali penye injini, penye tangi na penye breki pamewekwa vyombo vidogo, ambavyo hapa tutaviita vitambuzi. Kila kitambuzi hupeleka habari kwa waya mpaka kwenye taa yake au mshale wake. Umeme ukisha kufanya kazi hiyo hurudi kwenye betri kwa njia ya mabati na vyuma vya gari. Njia hiyo ya kurudia ndiyo mafundi waiitayo masi.

Basi, habari ikiwa mbaya, kuna mahali panne pa kutazama: ugonjwa wenyewe ndani ya injini, kitambuzi, waya pamoja na masi, na mwisho taa au kipimo kilicho mbele ya dereva. Fundi mjinga hununua kitambuzi kipya kabla ya kutazama. Fundi mwenye akili huuliza mahali hapo panne, pamoja baada ya pengine, kama hakimu anayewahoji mashahidi.

Rangi nazo zina maana yake. Nyekundu yasema: simama mara moja panapo usalama. Manjano yasema: endelea kwa uangalifu, upeleke gari kwa fundi upesi. Kijani na buluu zaeleza tu kwamba kitu fulani kinafanya kazi, kwa mfano taa za mbele.

Jaribio la ufunguo

Jaribio la kwanza halihitaji chombo chochote, hata mtoto wa shule aweza kulifanya. Zungusha ufunguo mpaka taa za ubao ziwake, lakini usiwashe injini. Wakati huo taa ya oili na ya betri yapasa ziwake, kwa kuwa injini haijazunguka: hapana mgandamizo wa oili, hapana umeme mpya. Katika magari mengi taa nyingine za onyo huwaka pia kwa muda mfupi ili zijaribiwe. Kisha washa injini. Baada ya sekunde chache taa nyekundu zote ziwe zimezimika, ila ile ya breki ya mkono kama hujaishusha.

Taa isiyowaka kabisa katika jaribio hili ni ya kuogopwa kuliko ile inayowaka. Huenda balbu imeungua, au waya umekatika, au mtu aliing'oa balbu makusudi ili kuuficha ugonjwa. Taa kama hiyo ni mlinzi aliyelala: mwizi atapita na hutasikia sauti.

Taa ya oili

Oili haitiwi katika injini ili ikae tu. Pampu huisukuma katika njia nyembamba, ili vyuma vinavyozunguka vielee juu ya utando wa oili, visigusane. Kando ya njia hiyo kuna swichi ndogo. Mgandamizo wa oili ukiwapo, huisukuma swichi na taa huzimika. Ukikosekana, swichi hufunga njia ya umeme na taa huwaka. Vyuma vikisuguana vikavu, dakika chache zatosha kuharibu kazi ya miaka.

Kwa hiyo, taa hii ikiwaka gari likitembea, usianze kubishana nayo. Egesha kando, zima injini, ngoja dakika kumi oili ishuke, kisha tazama kijiti cha kupimia. Ikiwa oili imepungua, ongeza mpaka alama, na uchungulie chini ya gari kama inavuja. Ukiwasha tena na taa isizimike mara moja, zima, gari livutwe.

Ikiwa kijiti chaonyesha oili ya kutosha, ndipo twaweza kumhoji shahidi. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo umefunguliwa, chomoa waya kwenye swichi, hakikisha ncha yake haigusi chuma, na tazama taa. Ikiendelea kuwaka, waya unagusa chuma mahali fulani, kama ule wa gari la Likasi. Ikizimika, waya ni mzima. Basi limebaki jambo moja kati ya mawili, swichi mbovu au mgandamizo uliopungua kweli. Hapo macho hayatoshi. Fundi ataifungua swichi na kufunga mahali pake kipimo cha mgandamizo chenye mshale, kisha atawasha injini kwa muda mfupi. Mgandamizo ukiwa mzuri, swichi ndiyo mwongo, ibadilishwe. Ukiwa hafifu, tumshukuru shahidi, na kuitengeneza injini.

Taa ya betri

Taa yenye sura ya betri haisemi kwamba betri ni mbovu. Yasema kwamba alternata haileti umeme. Gari litaendelea kutembea kwa akiba ya betri, na kwa hiyo wengi huidharau. Lakini fungua mbele utazame mkanda. Katika magari mengi mkanda unaozungusha alternata ndio unaozungusha pia pampu ya maji. Ukikatika, taa ya betri ndiyo huwaka kwanza, na injini hufuata kuchemka. Atakayesema "ni umeme tu, tutafika" huenda asifike.

Mkanda ukiwa mzima, chukua mita ya umeme uipime betri. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, injini ikizunguka, katika magari mengi huonyesha kati ya 13.5 na 14.5. Ukiona 14 na taa inawaka, tazama nyaya za taa na ndani ya alternata. Ukiona 12 na inashuka, taa yasema kweli.

Tena kuna jambo la ajabu kidogo: katika magari mengi ya zamani, umeme unaopita katika balbu hii ndio unaoiamsha alternata. Balbu ikiungua, alternata yaweza kulala hata ikiwa nzima, na asubuhi betri haina nguvu. Watu wamenunua betri mpya kwa sababu ya balbu ndogo.

Kipimo cha joto

Kitambuzi cha joto hukaa ndani ya maji ya injini. Maji yakipata moto, kitambuzi hulegeza njia ya umeme, umeme mwingi hupita, na mshale hupanda. Katika magari ya zamani yenye kitambuzi cha waya mmoja, jaribio ni jepesi. Fungua ufunguo bila kuwasha injini, chomoa waya: mshale yafaa ushuke upande wa baridi. Usiposhuka, waya unagusa masi. Kisha gusisha ncha ya waya kwenye chuma safi cha injini kwa kitambo kidogo: mshale yafaa upande upande wa moto, nawe uutoe mara moja usije ukaharibu kipimo. Ukipanda, waya na kipimo ni vizima, na shaka yabaki kwa kitambuzi. Usipopanda, waya umekatika au kipimo kimekufa. Magari mapya yasijaribiwe hivyo, kwa sababu waya wao huenda kwenye kompyuta, nayo yaweza kuharibika.

Lakini shikeni neno hili, maana limewaangusha hata madereva wa siku nyingi. Mshale ukipanda juu sana, kisha ukashuka ghafula, msifurahi. Huenda maji yamekwisha, na kitambuzi kimebaki katika hewa. Hakina tena maji ya kukipasha habari, hivyo chaonyesha baridi wakati injini inaungua. Ukiona mshale umeshuka, na gari limepoteza nguvu au pananuka moto, zima.

Wala usifungue kizibo cha rejeta injini ikiwa moto. Ndani maji yamegandamizwa, na ukifungua yataruka usoni. Huku kwetu Lubumbashi, kwenye mwinuko wa meta 1,200 hivi juu ya bahari, maji ya sufuria huchemka kwenye digrii 96 hivi, wala si 100. Kizibo kizima ndicho kinachoyazuia maji ya injini yasichemke upesi. Ngoja mpaka mkono uweze kukaa juu ya rejeta bila kuumia.

Kipimo cha esansi

Ndani ya tangi kuna boya lililofungwa kwenye mkono wa chuma. Esansi ikishuka, boya hushuka, na mkono hubadili kiasi cha umeme kinachopita. Boya likitoboka hujaa esansi na kuzama, nao mshale husema "tupu" hata tangi likiwa limejaa. Njia ambamo mkono huteleza ikilika, mshale husimama mahali pamoja au hurukaruka.

Mkichomoa waya wa tangi, kuna magari ambayo mshale huenda "jaa", na mengine huenda "tupu"; kila mtengenezaji ana desturi yake. Kilicho muhimu ni kama mshale wabadilika. Ukibadilika, kipimo ni kizima, tatizo li tangini. Kazi ya kulifungua tangi mwachieni fundi, mbali na moto, sigara na cheche za umeme, kwa kuwa mvuke wa esansi huwaka upesi kuliko esansi yenyewe. Wakati mnangoja, andikeni kilomita kila mnapojaza. Daftari na kalamu ni kipimo kisichoharibika.

Vipimo viwili vikiugua pamoja

Watoto wawili wa nyumba moja wakiumwa tumbo siku moja, mama hauliza kila mmoja amekula nini, atazama chungu. Kadhalika na gari. Vipimo vya joto na vya esansi vikidanganya siku moja, ni vigumu vitambuzi viwili kuharibika pamoja. Tazameni kile wanachoshiriki.

Vyote vikifa, anzeni na fyuzi. Vyote vikionyesha zaidi ya kweli, kumbukeni kwamba magari mengi yaliyotengenezwa tangu miaka ya 1950 mpaka ya 1970 yana kisawazisha umeme nyuma ya ubao. Kazi yake ni kupunguza umeme unaokwenda kwenye vipimo. Katika magari mengi ya Uingereza hufikia wastani wa volti 10. Kikiharibika, au masi yake ikilegea, umeme wote wa betri huingia, na mishale yote hupanda. Na ikiwa mishale yaruka kila uwashapo taa za mbele, tafuteni masi iliyopata kutu: fungua, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza tena.

Taa ya breki na magari ya kompyuta

Taa nyekundu ya breki mara nyingi ina kazi mbili: breki ya mkono haijashushwa, au mafuta ya breki yamepungua. Wengi huongeza mafuta, taa ikazimika, wakaendelea na safari. Lakini mafuta hayaendi bure: ama pedi za breki zimelika, ama panavuja. Kuongeza bila kutafuta sababu ni kumnyamazisha mtoto anayelia kwa njaa.

Magari ya siku hizi yana taa ya manjano yenye sura ya injini. Marekani iliamuru magari madogo yote mapya ya tangu mwaka 1996 yawe na tundu la kuchomekea chombo cha kusoma makosa. Huko Ulaya sheria hiyo ilishika magari mapya ya esansi tangu mwaka 2001. Chombo hutoa alama kama P0118. Lakini alama haisemi "nunua kitu hiki". P0118 yasema tu kwamba umeme katika njia ya kitambuzi cha joto umezidi kipimo. Mara nyingi ni waya uliokatika au uliochomoka, wala si kitambuzi. Na taa hiyo ikianza kumeta-meta, maana yake injini inarusha esansi isiyoungua. Punguza mwendo na usimame.

Anayenunua gari la zamani

Wako wauzaji wanaong'oa balbu, au kubandika kipande cheusi juu ya taa. Kwa hiyo kabla ya kutoa fedha, fanyeni jaribio la ufunguo mbele ya muuzaji. Hesabuni taa. Ya oili haikuwaka? Ya betri haikuwaka? Ya injini haikuwaka? Basi ulizeni kwa nini; kuuliza si ujinga. Asiye na jibu ana siri.

Nao walio na gari wasikubali taa ya uongo ikae hata juma moja. Si kwa sababu uongo wake utaivunja injini, bali kwa sababu unamfundisha dereva kutosikiliza. Dereva wetu wa Likasi hakuwa mvivu wala mjinga. Siku tisini taa ilimwita bure, naye akazoea; siku ile ilipomwita kwa haki, masikio yake yalikuwa yamekwisha kuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mama yule mzee aliketi kando ya barabara mpaka usiku, kikapu chake mapajani, wala hakumlaumu kijana. Alisema tu: "Mwanangu, nilikuuliza taa yasema nini. Ulinijibu taa ni mgonjwa. Mgonjwa hutibiwa."